Joka Lenye Funguo Laenda Maka

Jirani yangu amepanda ndege kwenda kuhiji, na mimi sikumpa radhi. Nalisema mwanzoni kabisa, ili anayesoma asije akanidhania mwanamke mwema halafu akavunjika moyo katikati. Aliketi barazani kwangu, akanywa chai yangu ya tangawizi, akaniomba nimsamehe mbele ya mke wake na wajukuu wake, nami nikasema hapana. Sasa nitaeleza, lakini kwa njia yangu, maana njia ya mkato siijui. Hata shuleni, ambako sikukaa sana, mwalimu akiniuliza moja na moja ni ngapi, mimi naanza kumwambia habari za yule moja wa kwanza, alikuwa mtoto wa nani na alifikaje hapo.

Mimi ni wa hapa Gisenyi, Rwanda, mpakani na Congo, mtaa wa Waislamu. Wazee wangu walikuja na mizigo ya vitambaa, wakauza, wakaoa, wakasahau kurudi walikotoka. Nimekuwa mke, nimekuwa mjane, nimeuza sambusa, nimeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, na sasa miguu imekataa, siuzi tena kitu. Kazi iliyobaki ni moja. Watoto wa mtaa wakitoka madrasa baada ya alasiri wanakuja barazani kwangu, wanavua viatu, nawahadithia. Na hadithi zangu zote ni za joka.

Watu huniuliza joka nililitoa wapi. Nililitoa kwenye video. Zamani kulikuwa na kibanda cha kuonyesha filamu karibu na soko, na mimi nilikuwa nauza sambusa mlangoni. Ndani alikaa kijana na kipaza sauti, kazi yake kutufasiria filamu. Zilikuwa za Kizungu au za Kichina, hatukujua, na nadhani yeye mwenyewe hakujua. Lakini alifasiri! Mfalme wa kule alimpa nyumba Nengo, karibu na ziwa, kwa matajiri. Mwizi alimvusha mpaka wa Goma, pale Grande Barrière, bila karatasi, na polisi wanamfukuza. Siku moja likatokea joka kubwa lenye mabawa, linatema moto, linameza ng'ombe mzima, na yule kijana akasema kwenye kipaza sauti, "Bon, huyu ni shemeji yangu. Muangalie vile anakula, na bado atauliza kama chakula iko." Watu walilia kwa kucheka. Mimi sambusa zikaungua kwenye mafuta na sikujali. Pale nilijifunza kitu ambacho shule haikunifundisha: chukua mnyama wa mbali, mpe tabia ya mtu wa karibu, na kila mtu atasogea kusikiliza.

Basi nikaanza na langu. Anayeishi hapa anajua ule mlima wa ng'ambo, upande wa Congo, wenye moto mdomoni. Jioni anga inakuwa nyekundu juu yake, na watoto wanauliza nani amewasha. Nikawaambia ni joka, linachoma mahindi. Siku hizo joka langu lilikuwa jema. Lilipenda mahindi mabichi, liliogopa mvua, na ardhi ikitikisika kidogo, kama inavyotikisika kwetu, nilisema limegeuka ubavu usingizini, tusilipigie kelele. Watoto waliacha kulia. Hata mama zao walinishukuru.

Sasa huyo jirani. Nyumba yake na yangu zinagusana mabati. Ni mtu wa vitenge, ana duka hapa mjini na jingine Mahoko, ana cheo katika kamati ya msikiti. Kabla ya kusema neno lazima akohoe mara mbili, khm, khm, hata kama anataka tu kuuliza saa. Na ana fungu la funguo kubwa kama kichala cha zabibu, linalia mfukoni mwa kanzu yake, kwa hiyo unamsikia kabla hujamwona. Sikuwa na ugomvi naye. Mke wangu wa jirani, namwita hivyo yule mke wake kwa utani, alikuwa akiazima sufuria zangu na kurudisha zikiwa safi kuliko zilivyokwenda.

Ijumaa moja nilikuwa kwa fundi cherehani mkabala na lango la msikiti, na binti yangu, mtoto wangu pekee. Alikuwa amechumbiwa. Fundi alikuwa anampima nguo ya harusi. Binti amesimama mikono juu, futi imezunguka kifua. Watu walikuwa wanatoka swala. Jirani yangu akapanda kwenye ngazi ya msikiti, akakohoa mara mbili.

"Ndugu zangu," akasema, "katika mutaa hii iko nyumba moja, watoto wanafundishwa kuogopa mujusi ya moto kuliko Mungu. Mama wa ile nyumba anaabudu mulima. Mutu mwenye akili hatume mutoto wake kule. Na hachukue mutoto wa kule."

Hakutaja jina. Hakuwa na haja. Nani mwingine mtaani alikuwa na mlima?

Kwa lile neno la kwanza ningeweza kucheka. Kuitwa mwabudu mlima, mimi ambaye hata kuupanda sijaupanda! Lakini lile la mwisho, "na hachukue mutoto wa kule," liliingia dukani kwa fundi na likabaki. Futi ilisimama. Binti yangu hakushusha mikono. Alibaki vile, mikono juu, kama mtu aliyekamatwa, mpaka fundi mwenyewe akaishika taratibu na kuishusha.

Wakwe walikuja siku chache baadaye. Watu wa adabu. Walisema, "Mama, tunaomba tungoje kidogo." Mpaka leo wanangoja. Yule kijana aliyekuwa aoe binti yangu ana watoto wanaovaa sare za sekondari.

Binti yangu akavuka mpaka na begi moja. Goma kwanza, halafu Bukavu, halafu Uvira, mbali zaidi kila mara, kama mtu anayerudi nyuma asiangalie moto. Ana kazi, ana afya, ana heshima yake huko. Hapa haji. Hupiga simu sikukuu za Idi. Mwaka wa kwanza aliniambia neno moja, hakulirudia tena, na mimi sihitaji alirudie: "Mama, hadithi yako ndiyo ilinikula."

Basi mimi nikaamua itamla na mwingine.

Watoto waliacha kuja kwa muda, wazazi waliogopa. Kisha wakarudi mmoja mmoja, maana hofu ya wazazi ni ndefu lakini jioni za watoto ni ndefu zaidi. Walipojaa tena barazani, joka langu lilikuwa limebadilika. Lilikuwa sasa linakohoa mara mbili kabla ya kusema. Tumboni lilikuwa na funguo. Lilimeza funguo za nyumba zote za mji, kwa hiyo mtu akitaka kuingia kwake lazima asimame mbele ya lile tumbo abembeleze. Na kila Ijumaa lilishuka mlimani kunusa vyungu vya watu: "Khm, khm. Nani amepika bila kuniuliza?"

Hakuna mtoto aliyeuliza ni nani. Walikuwa wanajitupa sakafuni kwa kucheka. Walirudi nyumbani wakakohoa mara mbili mezani, na wazazi wao wakacheka wakiwa wamefunika mdomo kwa kanga. Mtaa mzima ulijua. Wanawake walikuwa wakinipitia sokoni: "Mama, joka imeamka aje leo?" Nami najibu, "Leo ilikula pilipili."

Nililiadhibu lile joka kila jioni. Nililitumbukiza chooni. Nililiwekea nyuki puani. Nililioza mbuzi jike, likapigwa na mkewe mbele ya wakwe. Wanawake wa ziwani walililisha sambaza zilizopikwa na pilipili kichaa mpaka likajamba moto na kuunguza mkia wake wenyewe, hiyo watoto waliitaka wiki nzima. Na upande wa pili wa ukuta nilikuwa nasikia funguo zikipita, chrin chrin, na nilijiambia: anasikia. Anajua. Inamchoma. Nililala usingizi mzuri, sitadanganya. Watu wanasema kisasi kinakula mwenye nacho. Mimi kilinipa hamu ya chakula.

Na wajukuu wake walikuja pia! Walipokua kidogo walikuja, wakavua viatu vyao vizuri, wakakaa mbele kabisa. Niliwapa mandazi kama wengine. Mtoto hana kosa. Lakini nilihakikisha joka linakohoa vizuri zaidi siku wakiwepo.

Shida ilitoka mahali nisipopatazamia. Mjukuu wake mmoja wa kike, mwenye maswali, aliniuliza, "Nyanya, kwa nini hii joka haikufe?"

Nikasema itakufa leo. Nikaleta mhunzi, nikampa panga refu, nikalilaza joka, nikamweka mhunzi juu ya shingo yake. Watoto wameshika pumzi. Na mimi? Sikuweza. Nilimfanya mhunzi apige chafya, joka likaamka, likamla. Watoto wakanizomea. Siku nyingine nikaleta wanajeshi, wakaliwa. Nikaleta mwanamke mwenye mimba, watu wakasema huyu sasa hata joka litamwonea haya. Nikamrudisha nyumbani mzima, lakini joka halikufa.

Jioni ile nikaswali magharibi na akili haikuwa kwenye swala. Nilipoweka paji la uso chini nilimwona jirani yangu. Nikagundua kwamba kwa miaka yote hiyo, kila nikisujudu, namwona yeye. Mtu aliyesimama kwenye ngazi na kusema naabudu mlima ndiye niliyekuwa namkuta kila ninapoinamisha kichwa. Nilibaki chini pale muda mrefu, magoti yananiuma, na nilikasirika mara mbili, kwake na kwangu mwenyewe.

Halafu nikafikiri habari za joka lenyewe. Nilikuwa nimelipa tabia moja ambayo watoto waliipenda kuliko zote: usiku halilali kama wengine. Linalala na jicho moja, na kwa lile jingine linapitia makosa ya watu, la huyu, la yule, linayalamba kama mifupa ya jana. Sasa, hiyo niliitoa wapi? Jirani yangu sikuwahi kumwona usiku. Yeye najua anakoroma, mkewe aliniambia. Jicho lile lilikuwa langu. Watu huniita mama wa subira, walikuwa wananiita hivyo kwenye misiba na harusi, nami nilikuwa naitikia. Subira! Mimi nilikuwa nangoja tu. Kungoja na kusubiri, kwa nje, vinafanana kama mapacha.

Nilikuwa nimeswali maisha yangu yote kwa Kiarabu ambacho sikielewi vizuri, nasema kama nilivyofundishwa. Jioni ile nilibaki kwenye mkeka nikaomba kwa Kiswahili, kwa sauti, kama ninavyoongea na mtu wa sambaza. Nikasema, "Mungu, mi sitaki kumusamehe. Sitaki unifundishe kumusamehe. Nataka alitaje ile neno pale pale alilitajia. Ukinipa hiyo tutaongea mengine." Sikuona aibu. Ilikuwa dua ya kwanza niliyojua ni yangu, haikutoka kwa mwalimu, haikutoka kwa mama yangu. Na kama si joka nisingeipata. Kwa hiyo yule aliyesema joka litaniondoa kwa Mungu, huyo sijui nimwambie nini.

Bon. Mwaka huu tukasikia jirani anakwenda Maka.

Nilisikia nikiwa jikoni, nikacheka peke yangu mpaka nikashika meza. Maana kwetu mtu anayekwenda kuhiji hawezi kuondoka hivi hivi. Lazima apite nyumba kwa nyumba kutaka radhi. Kosa la mtu na Mungu, Mungu atalishughulikia huko huko. Lakini haki ya mtu haifutiki mpaka mwenyewe aiachilie. Sheikh, tajiri, mtu wa kamati, wote hupita. Nilijua atabisha mlango wangu. Niliosha vikombe vya wageni kabla hajaanza hata kupita kwa majirani wa juu.

Akaja alasiri, watoto wakiwa wamejaa barazani. Sikuwatoa. Alikuja na mkewe, kanzu mpya nyeupe, ananukia udi. Funguo zikalia akikaa. Nikamimina chai. Watoto walikuwa wanabanana mbavu.

"Khm, khm," akasema.

Watoto wakalipuka. Mmoja aliangusha andazi. Nikawatazama kwa jicho, wakanyamaza wakitetemeka.

"Mama yetu," akasema, na uso wake ulikuwa mnyenyekevu kweli, "mi niko mu safari. Nimekuja unisamehe kwa yote nilikukosea, ya kujua na ya kutojua."

"Karibu sana, muzee," nikasema. "Kama gani?"

"Eh?"

"Makosa kama gani? Nisamehe nini hasa?"

Akamtazama mkewe. Hakutegemea swali. Huwa watu wanasema tu, nimekusamehe, na wewe nisamehe, na chai inanyweka. Mkewe akamnong'oneza. "Ah!" akasema. "Ile maji ya bati yangu. Inaanguka kwa ukuta yako, inakula udongo. Ni kweli. Nitaweka mufereji."

"Hiyo nimesamehe. Na nyingine?"

Akafikiri. Namwona anafikiri, anazungusha funguo. "Siku ya harusi ya kijana yangu. Voiture, gari ya wageni, ilifunga mulango yako mpaka jioni."

"Nimesamehe. Nyingine?"

"Nyingine..." Akanitazama kwa macho safi kabisa, macho kama ya mtoto. "Mama, mi sikumbuke nyingine. Sisi na wewe tumeishi muzuri. Hata hadithi yako, wajukuu wanaileta kwangu kila siku! Ile joka ya funguo! Wananipigia pale mezani, mi nacheka mpaka kifua inauma. Nilimwambia huyu mama, huyu jirani yetu ana kipaji."

Nakwambia, nilitaka ardhi itikisike. Miaka yote ile! Nyuki, choo, mbuzi jike, pilipili, vyote nilivyompikia, alikuwa amevila akaviona vitamu. Hakuwahi kujijua. Nilikuwa nimempiga mtu aliyelala, na yeye anatabasamu ndotoni.

Nikaweka birika chini. Nikasema, "Kwa vile unaipenda, kaa. Leo ni sehemu mpya."

Nikageukia watoto. Nikasema hivi: lile joka limezeeka. Mabawa yanauma. Limesikia kwamba mbali, jangwani, kuna kisima, joka likioga pale linatoka jeupe kama maziwa, na moto wote liliotema unahesabiwa kama haujatemwa. Lakini mlinzi wa kisima anauliza swali moja: umeaga wote uliowaunguza? Basi joka limevaa shuka jeupe, limefunga mkia, linapita nyumba kwa nyumba.

Watoto wakasogea mbele. Mkewe kikombe kimebaki karibu na mdomo.

Nikasema: likafika kwa mama mmoja. Likakohoa. Likasema, mama, nisamehe, nilikanyaga maua yako. Mama akasema, nimesamehe maua. Likasema, nisamehe, mkia wangu ulivunja uzio. Mama akasema, nimesamehe uzio. Na msichana? Joka likauliza, msichana gani? Mama akasema, yule aliyekuwa amesimama anapimwa nguo ya harusi, mikono juu, siku ile ulipokaa kwenye ngazi ukafungua mdomo, ukasema mtu asichukue mtoto wa nyumba hii. Moto ulipita barabara, ukaingia dukani kwa fundi. Nguo iliungua kabla ya kushonwa. Joka likasema...

Nikanyamaza. Nikamtazama. "Joka likasema nini, muzee?"

Funguo zilikuwa zimesimama. Mkewe aliweka kiganja kwenye mdomo. Yeye alikuwa ameelewa kabla sijamaliza. Yule bwana aliangalia watoto, akaangalia mfuko wake, akaangalia watoto tena.

"Hii joka," akasema polepole, "ni mimi?"

"Eh, tate!" mjukuu wake akampigia babu yake kelele, yule wa maswali. "Kumbe ulikuwa hujue?"

Safari hii hakuna aliyecheka, hata mimi.

Akarudisha funguo mfukoni. Kisha akasema, "Mama, siku zile nilikuwa nasema mambo mingi. Tulikuwa tunataka watoto warudi madrasa, wote walikuwa wanakimbilia hapa kwako. Mi sikumbuke vile nilisema juu ya mutoto. Lakini kama nilisema, nisamehe."

"Kama?"

"Kama nilisema."

"Muzee, maji nimesamehe. Voiture nimesamehe. Hiyo 'kama' siwezi." Sauti yangu haikupanda, na nilifurahi haikupanda. "Ulisema mbele ya watu wakitoka Ijumaa. Kesho kutwa ni Ijumaa. Panda ile ngazi. Sema, nilimusemea mutoto wa jirani yangu uongo, na uongo wangu ulimuvunjia ndoa. Sema hivyo tu. Nitakuwa pale kwa fundi. Ukimaliza, nitavuka barabara nikupe radhi ya dunia na akhera."

Mkewe akasema, "Mama, tafazali, ni muzee, watu watamuona aje?"

"Watamuona vile waliniona mimi," nikasema.

Aliondoka bila kumaliza chai. Watoto wakaniuliza joka lilijibu nini. Nikawaambia waende nyumbani.

Jioni hiyo nilimpigia binti yangu simu, na haikuwa Idi. Nikamweleza yote. Akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, "Alikubali kwamba nilikuwa pale?"

"Hakukumbuka, mwanangu."

Nilisikia watu wakipita huko kwake, pikipiki, mtu anauza kitu. "Mi ninakumbuka mpaka rangi ya futi," akasema. "Ijumaa akisema, nipigie. Asiposema, usinipigie."

Ijumaa nikaenda kwa fundi. Ni fundi yule yule, macho yamepungua, sasa anashona sare tu. Akanipa kiti mlangoni bila kuuliza nimekuja kushona nini. Watu wakatoka swala. Jirani yangu akapanda ngazi, na wengine wakakusanyika, maana walijua anaaga. Akakohoa mara mbili. Akaangalia ng'ambo ya barabara, akaniona. Nawaambieni aliniona. Tulitazamana kama watu wanaotaka kusalimiana.

Akasema, "Ndugu zangu, mi naenda. Kila mutu nilimukosea, anisamehe, kwa jumla." Watu wakaitikia, tumekusamehe, tumekusamehe, wakamkumbatia, wakampa dua za kubeba. Kwa jumla! Kama mtu anayenunua vitenge kwa bale, furushi zima. Fundi alisimamisha cherehani, akasema taratibu, "Dada, hajasema." Nikamwambia nimesikia.

Sikumpigia binti yangu.

Kesho yake mkewe alikuja peke yake, amebeba sufuria yangu moja ya zamani, safi kama kioo. Alilia. Alisema mumewe halali, alisema kule kuna joto na watu wengi na miguu yake mibaya, je, akifia huko bila radhi yangu? Nilimshika mkono, nikampa maji, tukakaa kama ndugu. Nilimwambia, wewe sina neno nawe, mpaka kufa. Lakini radhi yangu anaijua iliko, iko kwenye ile ngazi. Akafuta macho. Akasema, "Una moyo mugumu, dada." Nikasema ndiyo. Sikukasirika. Alikuwa anaeleza tu kitu kilichopo.

Basi ameondoka. Sasa yuko huko, na mimi niko hapa, na kuna jambo halikunijia akilini mpaka ndege ilipopita. Watu wa mtaani wanasema anayefia Maka anakwenda moja kwa moja, ameshinda. Wanasema kwa furaha, kama dua. Na mimi nikajiuliza. Akifia huko, nani atapanda ngazi? Atazikwa mbali, jeupe kama maziwa, watu watamsifu kwa jumla, na neno lile litabaki limesimama mlangoni kwa fundi milele.

Tangu siku hiyo namwombea. Nafuata habari za joto la kule kwenye redio. Nikisujudu namwona, na sasa simfukuzi, namkagua: miguu inaendaje, anakunywa maji? Namwomba Mungu amlinde na jua, amlinde na msongamano, amlinde na kifua chake kile cha kukohoa, ampe chakula kizuri na usingizi. Sijawahi kumwombea mtu hivi, hata mume wangu akiwa kitandani. Naomba mpaka jasho linanitoka. Mrudishe, nasema. Mrudishe mzima, akili yake timamu, sauti yake na nguvu yake yote, mteremshe hapa mtaani hata akiwa na maji ya Zamzam mkononi, na Ijumaa ya kwanza baada ya hapo mpe afya ya kupanda ngazi.